Ya Kichwa Tu

Cresensia Qamara alianza kuugua kipandauso mwaka ule ule aliovunja ungo, na alipofika umri wa miaka hamsini hakuna jirani pale Mbulumbulu ambaye hakuujua ugonjwa wake. Kichwa kikimjia alijifungia chumbani, akaziba dirisha kwa blanketi, akalala na ndoo ya kutapikia pembeni. Aliyekuja kuazima jembe aliambiwa mlangoni kwa sauti ya chini, "Mama kashikwa," akaondoka bila kuuliza ameshikwa na nini. Marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, alizima injini hata kama mteja amesimama anasubiri, akaenda kukaa barabarani kuwazuia watoto wasipige kelele.

Walikuwa na watoto wawili. Thomasi, mkubwa, alihamia Babati akaoa huko. Angela alibaki karibu na mama yake, na ni yeye aliyekirithi kichwa. Siku kilipomshika mara ya kwanza alikuwa kidato cha nne. Alirudi kutoka shule amefumba jicho la kushoto, anasema anaona vimulimuli, na kabla hajafika kitandani akatapika. Cresensia alimlaza, akaziba dirisha, kisha akatoka akaenda kulia nyuma ya banda la ng'ombe.

"Ningempa kitu kingine," alimwambia mumewe jioni. "Shamba lipo, ng'ombe wapo. Katika vyote nilivyo navyo, amechukua hiki."

Kwa miaka mingi wote wawili walitumia panadol na giza. Kisha, miaka mitatu kabla ya mambo haya, Cresensia alipelekwa Arusha na wanawake wenzake wa jumuiya, akaonana na daktari wa mishipa ya fahamu. Daktari huyo alimpima presha, akamuuliza maswali mengi, akamwandikia vidonge ambavyo hakuwahi kuvisikia. Alimweleza kwamba ni dawa kali: ameze kimoja kichwa kinapoanza tu, akiona hakijatulia aongeze kimoja, asizidishe hapo, na asiifanye dawa ya kila siku. Cresensia aliyashika maneno hayo kama amri za kanisani. Vidonge vile vilimfaa kuliko kitu chochote alichowahi kumeza. Aliweza kukaa kwenye harusi mpaka mwisho. Aliweza kupalilia maharage siku nzima ya jua kali. Alikuwa akisema kwamba Mungu alichelewa lakini alifika.

Wakati huo Angela alikuwa mpishi katika kambi ya watalii juu kule Nainokanoka, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro. Kambi yenyewe ilikuwa ndogo, mahema machache yaliyopangwa pembeni mwa msitu, na wageni waliokuja walikuwa watu wa kutembea kwa miguu kwenda kreta za Olmoti na Empakaai. Angela alioka mikate kwenye debe lililofukiwa makaa, na wageni waliporudi wamechoka na baridi imewaingia, walikuta mikate ya moto na supu ya karoti. Aliipenda kazi hiyo. Alifanya kazi wiki sita mfululizo, kisha akapewa mapumziko na kushuka nyumbani.

Mwezi wa sita, kabla wiki hizo hazijatimia, aliomba ruhusa ya usiku mmoja akashuka na kikohozi. Ukungu wa kule juu ulikuwa mzito kuliko kawaida mwaka huo, na moshi wa jikoni ulimkaa kifuani. Alipofika Karatu mjini hakutaka kumpelekea mama yake kikohozi kile, basi akapitia zahanati moja ndogo ya binafsi karibu na stendi. Tabibu wa pale aliitwa Patrisi, kijana mpole aliyesoma shule moja na Thomasi. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma bila haraka.

"Kuna dawa yoyote inayokudhuru?" aliuliza.

"Penisilini na zile za jamii yake. Zinanitoa vipele, uso unavimba."

"Basi amoksilini hatutakupa. Una ujauzito?"

"Hapana."

"Kuna dawa nyingine unatumia sasa hivi?"

"Hapana," Angela alisema. "Ya kichwa tu, kikiniuma."

Patrisi alitikisa kichwa na kuandika. Nusu ya watu waliokaa kwenye benchi nje walikuwa na panadol mfukoni, na hata Angela alipotamka maneno yale alikuwa anamaanisha panadol. Patrisi akampa eritromaisini ya siku saba, ambayo inafaa kwa mtu asiyepatana na penisilini, akamwambia aimeze kwa wakati na aimalize yote hata kama kikohozi kitakoma mapema. Angela alimshukuru, akapanda bodaboda kwenda nyumbani.

Jioni ile ile kichwa kilimwanza. Kilianzia nyuma ya jicho la kushoto kama kawaida yake, na kila alipokohoa kiliruka. Cresensia alimkuta amekaa kwenye kigoda ameinamisha uso magotini. Akaingia chumbani, akatoka na vidonge vyake.

"Hivi sikuwahi kukupa," alisema, "kwa sababu nilikuwa nasubiri tuende wote Arusha daktari akuandikie vya kwako. Lakini Arusha yenyewe hatuendi. Kunywa kimoja."

"Mama, nina dawa nyingine ya kifua."

"Ile ni ya kifua. Hii ni ya kichwa."

Angela alimeza. Chakula kilipoiva alikuwa amenyanyua uso. Haikuwahi kutokea katika maisha yake kichwa kianze kisha yeye aamke siku hiyo hiyo ale ugali. Alikula, akaosha vyombo, akakaa na mama yake wakachambua maharage huku wakizungumza habari za wageni na mikate. Cresensia alimtazama binti yake mwangani, hajaziba jicho, akajiona amelipa deni la miaka yote. Asubuhi Angela alipokuwa anafunga begi, mama yake alimtilia vidonge vile mfukoni mwa koti.

"Kimoja kikianza. Kisipotulia, cha pili. Usizidishe hapo. Na usikifanye chakula."

"Nimesikia, mama."

Aliyashika yote kama alivyoambiwa.

Nainokanoka mwezi wa sita ni mahali ambapo maji ya kwenye beseni huganda utando alfajiri, na ng'ombe hutoka zizini wakiwa na mvuke mgongoni. Angela alirudi kazini kikohozi bado hakijaisha. Alimeza dawa ya kifua kwa wakati, mara nne kwa siku. Kichwa, kwa sababu ya kukohoa na moshi, kilimjia siku iliyofuata, na siku iliyofuata tena. Kila mara alimeza kimoja, siku moja viwili, kikatulia, naye akashukuru na kuendelea kukanda unga.

Kisha miguu ikaanza kupoa. Mwanzoni hakuna aliyeshangaa, yeye mwenyewe hakushangaa, kwa sababu hakuna mtu Nainokanoka mwenye miguu ya moto wakati ule. Alivaa soksi mbili. Parsimei, mlinzi wa kambi, kijana wa Kimasai aliyezaliwa hapo hapo, alimletea soksi nene alizopewa na mgeni.

"Vaa hizi, dada. Baridi ya safari hii hata sisi tunaisikia."

Siku iliyofuata alianza kuumwa misuli ya miguu. Kutoka hema la jiko hadi stoo hapakuwa mbali, lakini alilazimika kusimama katikati, ashike nguzo, maumivu yapungue, ndipo aendelee. Vidole vya mikono vilikuwa vinamwasha kama vimepitiwa na siafu. Alipovua soksi akakuta vidole vya miguu vimekuwa vyeupe, rangi ya mshumaa. Alivisugua kwa mafuta ya mgando. Usingizini maumivu yalimwamsha, naye akajua kwamba baridi imemzidi, akamwomba Raphaeli, msimamizi wa kambi, blanketi la ziada.

Asubuhi aliamka ganzi imeshika nyayo zote mbili. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na kuitumbukiza miguu. Parsimei aliingia kuchukua chai, akaona mvuke unavyopanda.

"Dada, maji hayo yanachemka."

"Ni ya uvuguvugu," Angela alisema.

Parsimei alichovya kidole akakitoa upesi. Aliinama, akamshika Angela magotini, akaitoa miguu yake kwenye beseni. Ngozi ya juu ya nyayo ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge. Angela aliitazama kama anatazama miguu ya mtu mwingine. Hakuwa na maumivu yoyote pale palipoungua, na hilo ndilo lililomtia hofu kwa mara ya kwanza.

Gari la kambi lilikuwa limeondoka na wageni kwenda Empakaai. Raphaeli alipiga simu ya upepo mpaka akampata dereva, dereva akasema yuko kwenye tope lakini anageuka. Walingoja mpaka mchana. Angela alilala kwenye magunia ya unga na Parsimei alikaa naye, akamsimulia habari za ng'ombe wa baba yake ili asinyamaze. Gari lilipofika, Angela alijaribu kusimama akashindwa. Parsimei alimbeba mgongoni hadi garini, na akapanda naye. Walishuka taratibu ukingoni mwa kreta ndani ya ukungu, wakapita geti la hifadhi la Lodoare, na lami ilipoanza Angela alifumba macho akaomba isiishe mpaka hospitali.

Daktari aliyempokea hospitalini Karatu aliitwa Janeth Sulle. Hakuanza na malengelenge. Aliweka vidole viwili juu ya unyayo wa kushoto, akasubiri. Akavihamishia nyuma ya kifundo, akasubiri. Akafanya hivyo mguu wa kulia. Kisha akashika kiwiko cha mkono, akapima, akatuma mtu alete mashine ya kusikilizia mishipa. Mashine nayo ilikuwa kimya kwenye mguu wa kushoto, na kwenye wa kulia ilitoa sauti hafifu, kama maji yanayopenya kwenye majani.

"Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Sukari? Presha? Moyo?"

"Hapana."

Wakati huo Cresensia aliingia. Parsimei alikuwa amempigia simu mtandao ulipopatikana pale getini, naye alipanda bodaboda na kanga ya shambani, viatu vina udongo. Alimkuta binti yake kitandani, akaishika miguu, akaanza kuipuliza pumzi kama mtu anayewasha moto.

"Angela," daktari alisema, "nataka unitajie kila kitu ulichomeza tangu ulipoanza kuugua. Hata kama unaona hakina maana."

Angela alitaja dawa ya kifua, akataja dawa ya maji ya kikohozi. Kisha akasema, "Na ya kichwa."

"Ya kichwa ipi?"

Angela alimtazama mama yake.

"Nilimpa mimi," Cresensia alisema. Hakukuwa na woga katika sauti yake. "Ni dawa nzuri, daktari, niliandikiwa Arusha. Nimeitumia miaka mitatu na haijanifanya chochote."

Daktari Janeth aliomba kuiona. Angela alitoa vidonge mfukoni mwa koti, na daktari alisoma maandishi ya nyuma, akasoma tena, kisha akamwita nesi na kumwambia maneno ya haraka kuhusu dawa za kutanua mishipa na sindano ya kuzuia damu isigande. Nesi alipotoka, daktari alivuta kiti akakaa karibu na Cresensia.

"Mama, hii inaitwa ergotamini. Inatuliza kipandauso kwa kubana mishipa ya damu. Ukimeza kidogo, inabana, inafanya kazi yake, kisha ini linaivunja na inatoka. Ndivyo ilivyokuwa kwako. Angela alikuwa anameza eritromaisini kwa ajili ya kifua. Ile inalizuia ini lisiivunje hii. Kwa hiyo kila kidonge alichomeza kilibaki ndani, kingine kikaja juu yake. Mishipa ikabana, ikaendelea kubana, mpaka damu ikashindwa kufika miguuni."

"Alimeza kimoja kimoja," Cresensia alisema. "Nilimwambia asizidishe."

"Hakuzidisha. Lakini mwilini vilizidi."

"Kwa hiyo ni vidonge vyangu."

"Ni viwili vilivyokutana. Kila kimoja peke yake kisingefanya hivi."

Cresensia alifikiri. "Ile ya kifua aliihitaji?"

"Aliihitaji, ndiyo."

"Basi ni vyangu," alisema, akarudi kuishika miguu ya binti yake.

Dawa za kutanua mishipa zilianza kuingia jioni hiyo. Asubuhi waliondoka kwa gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa. Parsimei alirudi kazini. Kabla hajaondoka alimshika Cresensia mkono na kumwambia, "Yeyo, yule ni mtu wa nguvu," akimwita mama kwa Kimasai, akaenda. Thomasi alitoka Babati akawakuta huko. Kwa siku kadhaa walikaa wakiangalia rangi. Mikono ilipona kwanza. Kisha mguu wa kulia ukapata joto, Angela akalia kwa maumivu ya damu inayorudi, na wauguzi wakafurahi kwa sababu hayo ndiyo maumivu waliyokuwa wanayangoja. Mguu wa kushoto haukulia. Ulitoka kwenye weupe ukaingia kwenye zambarau, na zambarau ikaiva ikawa nyeusi, kuanzia vidoleni kupanda.

Daktari wa upasuaji alikuja akaeleza alichokuwa amekwisha kukiona kila mtu. Thomasi alitoka nje. Angela alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Goti litabaki?"

"Goti litabaki."

"Basi kateni."

Baada ya upasuaji, msaidizi mmoja alimfuata Cresensia barazani akamuuliza kwa adabu kama familia ingependa kuuchukua mguu au hospitali iushughulikie. Cresensia hakuwa amefikiri kwamba swali la namna hiyo lipo duniani. Alisema watauchukua. Thomasi aliusafirisha ndani ya boksi lililofungwa vizuri, hakumwambia abiria mwenzake yeyote, akafika Mbulumbulu na kuuzika ubavuni mwa kaburi la baba yao. Alichimba shimo refu kuliko lilivyohitajika, kwa sababu hakujua refu kiasi gani linafaa.

Angela aliruhusiwa mwezi wa nane. Alijifunza magongo uani, akianguka na kuinuka, na hakupenda kushikwa. Siku ya tatu nyumbani alifika mpaka kwenye kaburi la baba yake akaona tuta dogo jipya.

"Nani yuko hapa?" alimuuliza mama yake.

Cresensia aliutazama mguu wa binti yake uliokatwa, na Angela akajua. Alisimama pale kitambo akiegemea magongo.

"Mmeuwekea msalaba?"

"Hapana."

"Msiuweke," Angela alisema. "Mimi bado nipo."

Aliyebadilika zaidi nyumba ile alikuwa Cresensia. Hakusema sana, kazi alifanya, mguu wa binti yake alimfungia bandeji. Lakini kichwa kilipomjia safari hii hakugusa kidonge. Hakumeza hata panadol. Alilala chini kwenye sakafu, si kitandani, akaachia dirisha wazi mwanga umpige usoni. Kilipotulia akaamka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Mwezi uliofuata akafanya vile vile. Mara ya tatu Angela alimsikia akigonga paji la uso ukutani polepole, akajivuta kwa magongo mpaka mlangoni.

"Unafanya nini, mama?"

"Niache."

"Kanywe dawa yako. Wewe haikudhuru."

"Ile siitaki ndani ya nyumba hii."

"Basi twende kwa daktari akupe nyingine."

"Sitaki nyingine." Cresensia alikuwa anaongea macho yamefumba. "Niache niumwe, Angela. Nikiwa naumwa angalau najua nafanya nini."

Angela alikaa kizingitini, jambo lililomchukua muda, na gongo moja likaanguka kwa kelele. Aliona mama yake anavyokunja uso kwa kelele ile.

"Unadhani ukiumwa utanirudishia?" alimuuliza. "Mimi ndiye niliyekatwa, na mimi ndiye ninayesikiliza unavyougulia. Umenipa kazi mbili."

Cresensia aligeuza uso ukutani. Hakumeza dawa siku hiyo, lakini tangu hapo alilala kitandani na kuziba dirisha.

Mwezi wa kumi Patrisi alikuja. Alikuwa amesikia habari kwa Thomasi, na alikuwa amechelewa kuja kwa sababu, kama alivyosema baadaye mwenyewe, mara mbili alifika mpaka njia panda ya kanisa akageuka. Cresensia alimletea kiti na chai. Alikaa akishika kikombe bila kunywa.

"Nilikuuliza," alimwambia Angela mwishowe. "Nakumbuka nilikuuliza kama kuna dawa nyingine."

"Uliniuliza."

"Ukasema ya kichwa tu. Na mimi sikuuliza ni ipi. Ningeuliza ni ipi."

"Ungeuliza ningesema panadol," Angela alisema. "Siku ile ilikuwa panadol. Vidonge vya mama nilivimeza jioni."

Cresensia, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliliweka chini. Hakuwa anajua habari hiyo. Siku zote alidhani tabibu hakuuliza.

"Ningekuonya tu," Patrisi alisema. "Ningesema, ukimeza hii usimeze dawa yoyote nyingine kabla hujaniuliza. Ni sentensi moja. Nilikuwa na watu wengi kwenye benchi."

"Mimi aliniambia," Cresensia alisema. Wote wawili walimgeukia. "Aliniambia, mama, nina dawa nyingine ya kifua. Nikamjibu, ile ni ya kifua, hii ni ya kichwa. Nilidhani kila dawa inajua njia yake."

Kosa lenyewe, walipolitandaza pale mbele yao, lilikuwa dogo mno kwa watu watatu, na bado lilikuwa limechukua mguu mzima. Patrisi alilia bila sauti, akajifuta kwa kiganja. Angela alimwambia chai inapoa.

Kabla hajaondoka Patrisi alimwambia Cresensia kwamba sasa humuuliza kila mgonjwa jina la dawa ya kichwa, na humwambia aitoe aione. Si eritromaisini peke yake inayogombana na ergotamini, alisema. Zipo dawa za fangasi, zipo baadhi ya zile za virusi vya Ukimwi ambazo watu huzimeza kwa siri, zipo hata dawa nyingine za kipandauso ambazo hazitakiwi kumezwa siku moja na ile. Wengine hukasirika kuulizwa. Cresensia alisikiliza, akamsindikiza hadi barabarani. Njiani akamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mbegu, kuna dawa gani ya kichwa isiyobana mishipa. Patrisi akamwambia aje zahanati ampime, atamwandikia barua kwa daktari Janeth. Cresensia alienda wiki iliyofuata, na Angela alimwona anatoka bila kumuuliza anakwenda wapi.

Mguu wa bandia ulipatikana mwanzoni mwa mwaka. Ulimchubua, akauvua, akauvaa tena. Parsimei alishuka kuwatembelea mara moja, akiwa na asali kwenye chupa ya maji, akasema mpishi mpya anaunguza mikate na wageni wanaila kwa heshima tu. Angela alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha alipoingia ndani kuchukua vikombe hakutoka kwa muda mrefu. Raphaeli alikuwa ametuma ujumbe kwamba kazi yake ipo akitaka. Ila jiko la kule liko kwenye mteremko, na baridi ingekikaza kisigino chake kilichobaki. Daktari alikuwa amesema mguu ule wa kulia ulinusurika, haukupona. Angela hakumjibu Raphaeli, na mwishowe yeye naye akaacha kuuliza.

Msimu wa kuvuna maharage ulifika tena. Angela alipura akiwa amekaa kwenye turubai, mguu wa bandia ameulaza kando, akipiga maganda kwa fimbo kwa nguvu ambayo Cresensia hakuipenda lakini hakuikemea. Walianika maharage uani, uwanja mzima ukawa mwekundu. Mchana, Angela aliweka fimbo chini, akashika jicho la kushoto.

Alikuwa amekatazwa dawa zinazobana mishipa kwa maisha yake yote. Alimeza panadol, akajilaza chumbani, na panadol ikafanya kile kidogo inachoweza. Cresensia aliingia akaziba dirisha. Alisimama gizani, mikono mitupu.

"Nikupe nini, mwanangu?"

"Usinipe kitu," Angela alisema. "Kaa."

Cresensia alikaa ukingoni mwa kitanda. Angela alisogeza kichwa chake kikagusa paja la mama yake, pumzi yake ikawa inapanda na kukatika kila maumivu yalipopiga. Baada ya muda mvua isiyo ya msimu ikaanza kugonga bati, kwanza tone moja moja, kisha kwa kishindo. Cresensia aliwaza maharage yaliyotandazwa nje, mavuno yao yote, na akasikia jirani akiita kutoka upande wa pili wa ua. Hakuinuka. Aliziba sikio la Angela kwa kiganja, kelele za bati zimpungukie, na maharage yakalowa.